Pep: Neno Lililonipeleka Chukwani

Nilitoka kwangu Amani kwa ajili ya neno moja. Skuli sikukaa sana, lakini karakana yangu ya useremala nimeisimamisha kwa mikono hii, na Unguja nzima wanaijua. Bi Anna, Mzungu aliyekuwa akifungua hoteli Mji Mkongwe, alitaka milango ya nakshi. Nilipokuwa nikizunguka na futi yangu kupima, kahawa aliyonikaribisha nimeikataa, akamwambia karani wake kwamba nimejaa "pep". Karani hakulijua neno. Haroub, fundi mwenzangu aliyeitaka kazi ile ile, akaangua kicheko: "Weye ushaambiwa mwehu!" Nikaapa: likiwa tusi, milango siitii randa. Jawabu nikamuahidi Bi Anna kesho yake alasiri.

Asubuhi nikawasha vespa mpaka Mji Mkongwe, kwenye duka la vitabu. Mwenye duka akafungua kamusi: "Nguvu, uchangamfu."

"Limetoka wapi?"

"Kamusi yangu haisemi."

Sikutosheka.

Chukwani nikamkuta Bi Zuhura, aliyesomesha Kiingereza umri wake wote, barazani kwake.

"Shikamoo Bi Zuhura. Pep ni nini?" Nimesimama, funguo mkononi.

"Marahaba. Kaa kitako."

"Nna haraka, Bi."

"Hali hujaniuliza, ushanidai jawabu! Usipokunywa kahawa, husikii kitu."

Nikakaa, nikamhadithia ya Bi Anna na kahawa yake. Goti langu likawa linacheza peke yake. Akalitazama, akacheka. "Hiyo hapo pep, imekujaa gotini."

Nilipomaliza kikombe ndipo akanifahamisha. Pep ni kifupi cha "pepper", pilipili manga kwa Kiingereza. Wamarekani walianza kumsifia nalo mtu mwenye nguvu asiyetulia, kama aliyetafuna pilipili. "Na 'pepper' yao na pilipili yetu asili yake moja, Bara Hindi. Zimesafiri na biashara, kila moja njia yake."

"Basi kanisifu!"

"Kakusifu. Weye ndiye uliyemkatalia kahawa."

Alasiri nikarudi hotelini. Haroub keshafika, anaonesha mbao zake. Bi Anna akaniuliza kama nimeikataa kazi.

"Kwanza nikaribishe tena ile kahawa," nikamwambia.

Nikanywa mpaka machicha, goti likicheza vile vile, Haroub kasimama na mbao mkononi. Kazi nikapewa mimi.

Nguvu zangu sikupunguza hata chembe. Nilichojifunza ni kukaa kitako kwanza. Milango ile nimeichonga nakshi ya mpilipili manga, umepanda toka chini mpaka juu. Nendeni mkaitazame, kisha mnambie nani mwengine angeiweza.