Herufi Tatu Tatu

Dada yangu mdogo alijifungua mchana, pale Muhuru Bay, katika kituo cha afya nilichofanyia kazi ya redio. Mtoto alilia, tukapiga vigelegele. Halafu damu ikakataa kukoma.

Daktari wetu, mzee mpole aliyekuwa zamu peke yake, akaniita pembeni. "Huyu lazima aongezwe damu leo leo. Iko Homa Bay. Waambie walete na gari." Sisi gari hatukuwa nalo. Simu nayo, miaka hiyo ya tisini, tuliisikia tu.

Niliita kwa redio mpaka koo likakauka. Mvua ilikuwa inakuja kutoka ziwani, wanawake nje wanakimbia kuzoa omena, dagaa walizoanika, na kila radi ikipiga, sauti yangu inamezwa. Ikabaki mashine ya maandishi iliyounganishwa na redio hiyo. Fundi aliyeileta alituapia kwamba haikosei. Ukiandika, inatuma herufi tatu, inangoja. Kila herufi imebeba alama za kujikagua, kwa hiyo radi ikiichafua, mashine ya Homa Bay inajua na kusema rudia. Yetu inarudia hadi zifike safi, ndipo itume tatu nyingine.

Daktari akasimama nyuma yangu akaanza kunitajia maneno. "Kwa wenzetu wa Homa Bay. Salamu nyingi. Ni matumaini yetu hamjambo nyote na kazi inaendelea vyema."

"Daktari, yawa! Tuanze na damu!"

"Huwezi kumwomba mtu damu hata hujamsalimu. Watatuona watu wa aina gani? Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo!" Nilimfokea mkubwa wangu, lakini mkubwa ni mkubwa. Nikaandika.

Radi, rudia. Radi, rudia. Herufi zilezile tatu zinatumwa, zinakataliwa, zinatumwa tena, na chumba cha pili namsikia dada akiomba maji. Nilitamani kuipiga ile mashine teke. Mgonjwa haulizwi uji, na sisi tulikuwa tunauliza watu habari za kazi! Salamu ziliisha kufika, zote, na hapo hapo mawasiliano yakakatika.

Kulikuwa na njia ya pili. Mashine inatuma kila herufi mara mbili, ya pili ikifuata baada ya kitambo kidogo, ili radi ikiharibu moja nyingine ipone. Haingoji kujibiwa. Zikiharibika zote mbili, mwenzako anaona nafasi tupu. Nikaandika: DAMU GARI MUHURU. Nikarudia, nikarudia, nikilia na kumwita Nyasaye, Mungu wetu, kwa sauti. Ilikuwa kama kupiga hodi kwenye nyumba usiyojua kama ina watu.

Niliingia kumwona dada. Midomo yake ilikuwa imepauka na leso tuliyomwekea punde ilikuwa imelowa. Niliogopa kumgusa.

Mvua ilipohama, mashine ikaanza kuchapa yenyewe. Nikairukia.

SALAMU ZIMEFIKA. NASI HATUJAMBO. MVUA IMENYESHA HUKO?

Hakuna herufi hata moja iliyokosewa. Baadaye watu wa Homa Bay waliniambia kwamba yale maneno mengine yalitoka na mapengo, herufi hapa na pale, wakadhani ni radi tu. Waliamini kilichofika kikiwa safi, na mtu muungwana akisalimiwa hujibu.

"Wamesemaje?" dada akauliza kutoka kitandani. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Sikuwa na lingine la kumpa. "Wanakusalimu."

"Nami nawasalimu," akasema.

Niliandika DAMU. Sasa anga lilikuwa limetulia, neno likapita bila kurudiwa hata mara moja, na jibu likaja palepale kwamba gari linatoka. Nikakimbia hadi mlangoni kwa dada.

"Wanakuja!" nikasema.

Daktari alikuwa anamfunika uso.