Fungu la Mama Mkwe

Dada yangu Kathini alipikia watu Kitengela kabla hapajajaa magorofa. Hoteli yake ilikuwa ya mabati, na ukiacha chakula kwa sahani alikuuliza mbele ya watu kama kwenu mnapika vizuri kuliko hapo. Kwetu hatukuzaliwa wanyonge.

Mwaka wa 1999 hoteli ikabomolewa kupisha barabara. Kathini alikuwa na watoto wa kusomesha, kwa hivyo Maundu, Mkamba mwenzetu aliyesomea wadudu, alipomwitia kazi ya upishi aliishika kwa mikono miwili. Kambi ilikuwa mlima wa Namanga, ndani ya msitu unaolindwa, na Maundu na wenzake walitaka kujua ni wadudu gani wote wanaishi huko.

Jioni walitundika shuka nyeupe, wakaweka taa mbele yake na ndoo chini. Mvua ndefu ilikuwa imeanza. Asubuhi Kathini akakuta ndoo imejaa kumbikumbi. Sasa Mkamba gani ataona hayo apite? Akapepeta mabawa kwa uteo, akakaanga na chumvi, akawaandalia na chai.

Maundu akaja na chupa zake za spiriti za kuhifadhia wadudu. Akatazama ndoo, akatazama sahani. Parsaoti, askari wa msitu, alikuwa ameshasogea kando, akisema Mmaasai hali kitu kilichoruka. Maundu hakucheka. Alisema hao ndio kumbikumbi wa kwanza tangu wafike, na mdudu aliyekaangwa hawezi kumpeleka mbele ya wakubwa wake. Akamwambia Kathini afunge nguo zake, gari linashuka Kajiado saa nne.

Kathini akaingia kwa hema, akatoka na mkebe.

"Hawa sijawagusa," akasema. "Nilimwekea mama mkwe."

Mama mkwe wake namjua. Ukimletea kumbikumbi waliotolewa mabawa anakataa, anadai umeshachagua wanono. Kwa hivyo Kathini alizoea kumtolea fungu lake kwanza, wabichi, na mabawa yao.

Maundu akafungua mkebe, akawageuzageuza kwa kidole. Uso ukalegea.

"Na huyo mama atakula nini?"

"Atanila mimi."

Parsaoti ndiye aliyeanza kucheka. Maundu akawatia kumbikumbi kwa spiriti, akaketi, akavuta sahani.

Gari likashuka bila Kathini, naye akawapikia mpaka kazi ikaisha. Ndoo ilipita kwa Maundu kwanza. Kumbikumbi wakibaki wa ziada, aliwaleta jikoni mwenyewe, akasimama hapo mpaka sufuria iteremshwe.