Goti Yenye Ilikuwa Inaomba Peke Yake

Hii habari hainisaidie kitu. Nikiielezea vizuri, mutaniona mujinga. Nikiielezea mubaya, mama yangu atakuya kuielezea yeye, na ya kwake iko mbaya zaidi. Basi niseme mwenyewe.

Miye niko mutu ya chukudu. Kwa mwenye hajaonaka chukudu: ni mbao ndefu, magurudumu mbili za miti, na usukani ya mbele kama pembe za ngombe. Unapakiza birayi, ni kusema viazi, makabichi, makala, unapiga goti ya kushoto juu ya mbao, fasi tumepigilia kipande ya sapatu ya mupira kusudi goti isiumie, na muguu ya kuume njo inasukuma chini. Ku muteremuko unaachilia tu. Ku mulima unashuka, unasukuma kwa miguu mbili, na unajiuliza kwa nini wazazi balikuzalia huku.

Siku moja hapa Mushaki, mu matope, lori ilirudi nyuma bila kuuliza mutu. Miye niliponea, birayi ziliponea, muguu ya kushoto haikuponea. Ku lopitali banganga balikata chini ya goti. Nililia siku mbili. Ya tatu nikaanza kufikiri: goti iko, chini ya goti hakuna kitu. Na ku chukudu, muguu ya kushoto inafanyaka kazi gani? Inapiga goti tu. Nilimwambia munganga, "Papa, mumekata fasi yenyewe kabisa. Ile kipande ya chini ilikuwa inapandaka bure." Hakucheka. Aliandika kitu ku karatasi, nafikiri aliandika kwamba homa haijaisha.

Nilipotoka, balinipatia mama ya swivi. Kazi yake ni kufuata mugonjwa mupaka kwake nyumbani: anakula? Kidonda kimekauka? Anafanya mazoezi? Randevu, siku ya kurudi ku lopitali, anaijua? Alikuwa mama munene, mutulivu, anapanda nyuma ya pikipiki na kaye kubwa ya kuandikia juu ya magoti. Hajaniita jina hata siku moja. Aliniita "kijana", na jinsi aliisema, ilikuwa kama "mushitakiwa".

Alinieleza mara moja tu, pole pole. "Kijana, muguu ya bandia inataka goti yenye kunyooka. Goti ikikaa imekunjwa, inazoea, inakatala kunyooka. Donc, asubuhi na jioni unalala ku tumbo, unanyoosha. Hakuna kukaa goti imekunjwa saa mingi. Hakuna mutu ya kuweka kitu chini yake. Siku itanyooka muzuri, nitakupeleka Goma bakuchukue mpimo."

Na miye nilitaka ile muguu, musifikiri hapana. Bila muguu nilikuwa mutu ya kuteremuka tu. Mulima yote hapa kwetu ilikuwa imenifungia mulango.

Lakini kulala ku tumbo muchana, kwetu, haiko mambo ya kijana. Mugonjwa analala ku mugongo, batu banakuya kumusalimia, banaona uso. Halafu mama yangu alikuwa na sheria zake. Kila jioni alikunja pagne mbili, vitenge vyake, akaziweka chini ya goti yangu, pole pole kama anaweka yai. Nilimwambia, "Mama, yule mama ya swivi amekatala."

"Yeye alikuzaa?"

"Hapana."

"Basi. Muguu ya mutoto wangu haitalala chini kama kuni."

Hapo usiku. Muchana, mimi mwenyewe nilimalizia kazi. Wiki ya sita niliitosha chukudu inje, nikapiga goti ile fasi ya zamani, nikasukuma na muguu ya kuume. Ilienda. Nilipita mbele ya soko na makabichi kumi na mbili na bekiye yangu, ile fimbo ya kutembelea, imefungwa juu yake kama bendera, bamama banapiga mikono, na miye nasalimia kama gavana. Kutoka kwetu mupaka ku soko njia inashuka. Kurudi, barafiki zangu ba chukudu banaisukuma juu, miye niko nafuata na bekiye nikitoa mashauri.

Tukisikia ile pikipiki, chukudu inaingia nyuma ya nyumba ya mbuzi na miye naingia ku kitanda.

"Kijana, unalala ku tumbo?"

"Ndiyo Mama. Mupaka kitovu kinataka kutokea ku mugongo."

"Kila siku?"

"Hata siku ya Mungu."

Anaandika: anafanya. Ile neno nililiona kichwa chini, nikajisikia mutu muzuri.

Siku ya mpimo ikafika. Tulienda Goma na mama ya swivi, ku atelie fasi banatengenezaka miguu. Mu chumba tulikuwa wagonjwa wawili: miye, na mama mumoja ya Ngungu, mukulima, mwenye alikuwa nyuma yangu ku liste. Fundi alikuwa papa moja mwembamba, mikono nyeupe na plasta. Akanilalisha ku meza, akasukuma goti chini. Goti ikakatala. Akasukuma tena. Ilikuwa kama mulango yenye iliingia maji.

Alipangusa goti yangu na kidole, akaona ile sugu, ngumu, nyeusi, kubwa kama kifuniko ya chupa.

"Unaomba sana, kijana?"

Mungu mwenyewe alikuwa ananifungulia njia. Nikaikamata. "Sana, Papa. Tangu aksida ya lori, miye ni maombi tu. Asubuhi, saa sita, jioni. Goti imezoea kukaa mbele ya Mungu, njo maana haitake kunyooka."

Yule mama ya Ngungu akasema "Amina". Fundi akatikisa kichwa, nikaona ananionea huruma. Nikaongeza kidogo, njo kosa yangu: nikafunga macho.

Mama ya swivi alisimama, akaweka kaye chini. Hakugusa goti ya kushoto. Alipandisha suruali yangu ya kuume, akapitisha mukono ku goti ile ingine.

"Hii iko laini kama ya bebe," alisema. "Papa fundi, kwetu tunaombaka na magoti mbili. Goti yenye inaomba peke yake, iko ya mutu ya chukudu."

Fundi alicheka mupaka akakaa. Mama ya Ngungu akarudisha ile "Amina" yake, alisema, "Eh, kumbe." Miye nilibaki na macho imefungwa, juu hapo hakukuwa tena sababu ya kuyafungua.

Kisha fundi aliacha kucheka, na ile njo ilikuwa mbaya. Alisema nikiwekewa muguu ku goti ya namna hii, nitatembea kama mutu anatafuta sindano chini, na mugongo itakufwa. Nirudi kisha miezi mbili. Kama haijanyooka, hatanitengenezea. Akaita yule mama ya Ngungu mu fasi yangu. Niliona banamuzungushia plasta ya kuchukua mpimo, yeye ameshika mukono ya kiti, analia na kucheka. Ile plasta ilikuwa yangu.

Mu njia ya kurudi, tulifika Sake. Hapo mama ya swivi akasema, "Na miye niko mujinga. Niliandika 'anafanya' na sikukugeuza ku tumbo hata siku moja, nione goti."

Kesho yake alifika asubuhi. Aliomba nyundo, akaenda nyuma ya nyumba ya mbuzi bila kuuliza njia, akangoa ile kipande ya sapatu ku chukudu, akaiweka mu sakoshi yake ya mukononi. Alitandika kirago mbele ya mulango, fasi batu bote banapita. "Lala." Nililala. Alimuita mama yangu, akamukamatisha mukono, akaiweka juu ya muguu yangu. "Mama, sukuma hapa. Akilia, hesabu mupaka makumi tatu." Mama yangu alihesabu pole pole sana. Nafikiri alikuwa anarudilia kumi na nane.

Miezi mbili batu balinisalimia ku kisogo. "Habari ya mugonjwa?" Miye nawajibia ndani ya kirago. Bamama ba soko balisimama, banaeleza mugongo yangu habari yote ya mugini. Usiku hakuna pagne. Goti ilishuka kidogo kidogo, kwa maumivu yenye sitasema, juu ninataka muendelee kunicheka.

Tuliporudi Goma, fundi alisukuma, na muguu ikagusa meza. Alisukuma mara ya pili, kama haamini. Kisha akaita plasta.

Nilipewa muguu mwezi uliofuata. Siku ya kwanza nilisukuma chukudu mu mulima ya kwetu na miguu mbili, jasho, matusi, yote kama zamani. Juu kabisa, mama ya swivi alikuwa ananingojea ku pikipiki, kaye wazi.

"Kijana, wiki ijayo naenda Pinga. Kuko mumoja bamekata kama weye. Ananiambia analala ku tumbo kila siku, hata siku ya Mungu."

"Mama," nilisema, "huyo, umugeuze kwanza."

Alifunga kaye. "Tayarisha blanketi ya safari, tunaenda sisi wawili," alisema. "Utamugeuza weye mwenyewe."