Ushahidi wa Kifo cha Mdogo Wangu

Kazi yangu ni kusahihisha mashine. Iko mbali, sijui nchi gani, inasoma mtandao bila kupumzika, na kila inachodhani imekijua inakileta kwenye kompyuta yangu hapa mtaani Songo. Mimi nabonyeza Kweli au Uongo. Nilikuwa naidharau. Iliwahi kuniambia Kavimvira, mtaa wetu wa mpakani na Burundi, ni aina ya samaki.

Jumatatu moja asubuhi iliniletea jina la mdogo wangu wa kiume: amekufa. Sikushtuka, tangazo la kifo nililiandika mwenyewe. Wenye bunduki walikuwa wanakusanya vijana, nasi tukafanya kama familia nyingine za mtaani: tukamvusha Burundi kwa siri, tukatangaza amezama ziwani, tukakalisha watu matanga siku tatu. Majirani walilia machozi ya kweli uani kwetu. Niliona haya, lakini alipona. Nikabonyeza Kweli.

Kesho yake jina likarudi: yuko hai, anaishi Bujumbura. Nikafungua ilikosoma. Ni mama yangu, kwenye ukurasa wa kwaya ya huko, chini ya picha: “Mwanangu, umekonda.” Jina hakuliandika. Mashine ilijua tu kwamba mtoto wake wa kiume ni mmoja.

“Mama, weye uliandika nini kule?”

“Salamu tu. Iko mutoto yangu.”

“Futa, Mama. Wale watu wakijua, watamfuata.”

Akafuta, analia. Nikabonyeza Uongo. Siku ya tatu mashine ikarudi na mtaa anaokaa. Siku ya nne ikaleta saa za mazoezi ya kwaya. Haikubishana nami. Iliuliza upya kwa upole ule ule, nami nikaanza kuiogopa kama mtu.

Chini kuna kisanduku cha ushahidi. Nikaandika kwamba mimi ni dada yake, kwamba mwili ulipatikana baadaye, tukauzika Sange. Niliandika shati la bluu lililolowa, na vifungo vilivyokataa kufunguka nilipokuwa namvua. Asubuhi mashine ikasema: amekufa, hakuna shaka. Haikuuliza tena.

Jumapili simu ikalia kutoka Bujumbura, kama kila Jumapili.

“Dada, ni minye.”

Vidole vyangu vilikuwa bado vinahangaika na vile vifungo.