Beseni Lisilo na Jina Katika Bafu la Mama Fusae

Maji yameshapata moto, vigae vimesuguliwa, na imebaki karibu saa nzima kabla ya bafu kufunguliwa. Fusae Mizoguchi amesimama katikati ya chumba cha kuogea cha wanawake, suruali ameikunja hadi magotini, simu iko mkononi. Anapiga picha moja ya mvuke unaopanda kuelekea dirisha la juu. Kisha anavuta kiti kidogo cha plastiki, anakaa, na kuanza kuikagua.

Anaikuza kona ya juu kushoto. Anatazama. Anahamia kulia. Anashuka chini, kona hii na hii, halafu anamalizia katikati. Ndani ya kioo cha ukutani, kadogo kama ukucha wa mtoto, kanaonekana kachupa ka shampuu ambako mteja fulani alikasahau jana.

"Sasa hii ni ya nani?" anajiuliza kwa sauti. Hajui. Anaifuta picha, anaiondoa chupa, anapiga nyingine.

Mtu anaweza kuuliza mvuke una siri gani. Fusae, mwenye umri wa miaka 63, hacheki ukimwuliza hivyo. "Hata mimi nilikuwa nasema hivyohivyo," anasema. "Kama picha haina mtu, basi haina shida. Nilikuwa mjinga, mwanangu. Mjinga kabisa."

Bafu lake la mtaa liko kwenye mji mmoja wa bandari, magharibi mwa Japani. Mji hautatajwa hapa, wala jina la bafu. Lilijengwa na baba mkwe wake, likaendeshwa na mumewe, Isao, hadi alipofariki miaka sita iliyopita. Tangu hapo boila analiwasha Fusae mwenyewe, na jioni anapanda kwenye kizimba cha mlangoni, kati ya upande wa wanaume na upande wa wanawake, akipokea yeni 520 kwa kila anayeingia.

Zamani walikuwa wakiingia watu mia mbili kwa siku. Miaka miwili iliyopita walikuwa wamebaki hamsini, karibu wote wazee, na kila msimu wa baridi ulikuwa unaondoka na mmoja wao. Mafuta ya boila nayo hayakamatiki. Mabafu mawili ya mitaa ya jirani yalishazima moto na kubomolewa, na panapoegeshwa magari leo ndipo watu walipokuwa wakisuguana migongo.

Aliyemsukuma Fusae kuingia mitandaoni ni Kameyo, mpishi mstaafu wa shule mwenye miaka 79, anayeoga pale tangu alipoolewa. Kameyo hana jambo dogo.

"Wewe Fusae, unangoja tufe sote ndiyo utafute wateja wengine?" alimwambia siku moja huku akijifuta nywele. "Vijana wako kwenye simu. Wafuate hukohuko! Au unaogopa simu itakung'ata?"

Fusae akajiandikisha kwenye darasa la simu linalofanyika kila Jumanne katika ukumbi wa mtaa. Wanafunzi walikuwa wanane, wote wenye mvi, na mwalimu alikuwa Nagisa, msichana wa miaka 27 mwenye subira ya muuguzi. Kwenye somo la kwanza kila mmoja alitakiwa kuchagua nywila yake. Fusae, kwa kujiamini, akaandika namba ya simu ya bafu.

"Mama," Nagisa alimwambia polepole, "namba hiyo si imeandikwa kwenye dohani la bafu?"

Imeandikwa, tena kwa tarakimu zinazosomeka hadi kituo cha treni. Darasa zima lilivunjika mbavu, na Fusae mwenyewe anacheka akisimulia. Ni mara moja tu anacheka katika mazungumzo yetu yote.

Alijifunza vizuri. Aliweka nywila ndefu ambayo hata Kameyo hangeweza kuikisia. Alificha tarehe yake ya kuzaliwa. Alifungua akaunti mbili: moja ya ndugu zake, ambayo mgeni hawezi kuchungulia, na nyingine ya bafu, iliyo wazi kwa kila mtu, maana duka halifungwi mlango kwa wateja. Wageni walioanza kumtumia ujumbe wa kumwita mrembo aliwazuia mmoja baada ya mwingine. Na lile alilolirudia Nagisa kila Jumanne, kwamba asiweke picha ya mtu bila ruhusa, Fusae aliona halimhusu hata kidogo. Nani anapiga watu picha bafuni?

Wiki ya tatu alipiga picha ya rafu.

Wateja wa kila siku wa bafu la mtaa hawabebi vitu vyao kwenda na kurudi. Kila mmoja ana beseni lake kwenye rafu ya chumba cha kuvulia nguo, na ndani yake sabuni, kitambaa cha kujisugulia, kitana. Mabeseni yote ni ya manjano na ya aina moja, kwa hiyo kila moja huandikwa jina ubavuni kwa wino mzito. Kuwa na beseni pale ndiko kuwa mtu wa pale. Wapo waliokufa zamani na mabeseni yao hayajaondolewa, kwa sababu hakuna mwenye moyo wa kufanya hivyo.

Jua la alasiri lilikuwa limeingia dirishani na kuiangukia ile rafu. Hapakuwa na mtu hata mmoja. Fusae akapiga picha, akaandika chini yake: "Wenyewe wako njiani."

Hadi kesho yake watu elfu tisa walikuwa wameipenda. Jumamosi ile palikuwa na foleni mlangoni, jambo ambalo halikuonekana tangu Isao akiwa hai. Walikuja wanafunzi, walikuja mabwana na mabibi harusi watarajiwa, alikuja kijana mmoja aliyesafiri kwa treni kutoka mji mwingine. Fusae alikuwa juu ya kizimba akitabasamu hadi mashavu yakauma.

Katikati ya rafu ile, safu ya pili, palikuwa na beseni la Orie.

Orie si jina lake. Alianza kuja miaka minne iliyopita, dakika za mwisho kabla ya kufunga, akitoka kwenye karakana anakoshona mapazia. Chumba alichopanga hakikuwa na bafu. Alikuwa akibeba vitu vyake kwenye mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe kutokana na vazi la mama yake. Aliongea kidogo, na hakuna aliyemchokonoa. "Watu wakiwa uchi hawaulizani mambo mengi," Fusae anasema. "Inatosha kwamba mmeonana."

Baada ya miezi sita, Fusae alimnunulia beseni. Jina alilipata kwa Kameyo, ambaye humwuliza jina hata paka. Akaliandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi nzuri, akamkabidhi.

"Sikumwuliza kama anataka," anasema. "Nilimwambia, 'Haya, sasa umekuwa wetu.' Akalitazama lile jina muda mrefu. Mimi nikadhani ni furaha."

Orie aliuweka ule mfuko wa kitambaa ndani ya beseni. Haukutoka tena pale.

Mwanamume alikuja siku ya Jumatano, siku kumi na mbili baada ya picha. Alikuwa amevaa vizuri, ana adabu, kabeba boksi la peremende za zawadi. Alilipa yeni zake 520 lakini hakuvua viatu.

"Samahani, mama. Namtafuta mke wangu. Mama yake mzazi ni mgonjwa sana, na simu yake haipatikani. Anakuja saa ngapi siku hizi?"

"Mke wako nani?"

Mwanamume akatoa simu. Ilikuwa picha ya rafu, imekuzwa hadi vilivyobaki ni vitu viwili tu: jina lililoandikwa kwa mkono wa Fusae, na ncha ya mfuko iliyochungulia nje ya beseni.

"Kitambaa hiki ni cha mkwe wangu," alisema, akitabasamu. "Hakuna kingine kama hiki. Nimemtafuta miaka mitano, mama. Namshukuru Mungu na nakushukuru wewe."

Fusae hakuwa ameambiwa chochote na Orie, lakini saa ile alielewa kila kitu: dakika za mwisho, ukimya, ule mkono ambao Orie hakuweza kuunyanyua juu ya bega anapoosha nywele. Akajikaza kisabuni.

"Aa, hilo beseni la zamani hilo. Mwenyewe alishahama. Tunayaacha tu yakae."

"Nitasubiri kidogo," mwanamume akasema, kwa upole uleule. Akaliacha boksi la peremende juu ya kizimba, akavuka barabara, akakaa kwenye benchi la duka la kufulia nguo, uso umeelekea mlangoni.

Ilikuwa imebaki saa moja na nusu hivi Orie afike. Fusae hakuwa na namba yake ya simu. Orie hakuwahi kumpa mtu.

Aliingia upande wa wanawake na kuwaeleza waliokuwamo. Kameyo alikuwa ndani ya maji hadi shingoni. Alitoka majini, akavaa nguo juu ya mwili uliolowa.

"Mlango wa boila uko wazi?"

"Uko wazi. Lakini Kameyo, miguu yako..."

"Miguu yangu imekuomba msaada? Fungua mlango huko!"

Kameyo akapitia kwenye boila, akatokea uchochoro wa nyuma, akazunguka hadi kona ambayo Orie hupita akitoka kazini. Alisimama pale na nywele mbichi kwenye baridi ya mwezi wa kumi na moja. Fusae, kwa upande wake, alifanya jambo ambalo halikufanyika hata siku aliyozikwa Isao: aliondoa pazia la mlangoni kabla ya wakati. Bafu lisilo na pazia limefungwa. Kama Kameyo angemkosa njiani, walau Orie angeona mlango mtupu kwa mbali na kugeuka.

Hakumkosa. Kameyo alimkamata mkono, akamwambia maneno mawili, wakaondoka pamoja.

Polisi waliitwa na wakazungumza na mwanamume yule. Alikuwa hajamgusa mtu, hajavunja kitu, amekaa tu kwenye benchi. Walimwambia aende, akaenda, na jioni iliyofuata alirudi benchini.

Orie alikaa nyumbani kwa Kameyo siku tatu, hadi ofisi inayolinda wanawake ilipompatia mahali katika mji mwingine. Asubuhi ya mwisho Fusae alikwenda kumwomba msamaha. Alipiga magoti juu ya mkeka, akainamisha kichwa hadi chini. Aliyeongea ni Orie.

"Mama, picha niliiona siku ya pili tu. Mwenzangu wa karakana alinionyesha."

"Uliiona? Mbona hukuniambia niifute?"

"Nilikuja kukuambia. Nikafika mlangoni, nikakuta ile foleni. Ulikuwa unacheka, mama. Sijawahi kukuona unacheka vile. Nikasema, basi, nitakuambia kesho."

Fusae anapofika hapa katika simulizi anachukua kitambaa na kufuta kioo ambacho tayari ni kisafi. Ndiyo sehemu inayomtesa. Mitaani walimfariji wakisema hakujua. Yeye anasema angeweza kujua, ilitosha kuuliza. Mwenye shida hawezi kuja kuharibu furaha ya mwenzake, atanyamaza tu, na mwenye simu ataendelea kuhesabu waliompenda.

Kabla hajaondoka, Orie aliomba jambo moja: jina lifutwe. Fusae alilisugua kwa dawa ya kuondolea rangi hadi vidole vikachubuka.

Picha ya rafu aliifuta usiku uleule mwanamume alipokuja, lakini Nagisa alimweleza ukweli bila kuupaka sukari. Ilikuwa imeshanakiliwa na watu asiowajua, na hakuna awezaye kuikusanya yote. Walikaa wawili wakiandika kwa mmoja baada ya mwingine kuomba waiondoe. Wengi walikubali. Wengine hawakujibu hadi leo.

Akaunti hakuifunga. Alitaka, na Kameyo akamwambia waziwazi kwamba bafu likifa, wazee hamsini watakosa pa kuoga na Orie hatapata faida yoyote. Kwa hiyo anaendelea, na wateja sasa wanafikia tisini kwa siku. Anaweka mvuke, malimau ya mwisho wa mwaka yakielea majini, paka wa jirani akilala juu ya kifuniko cha boila. Hata paka alimwombea ruhusa kwa mwenyewe. Mabeseni yote yamegeuzwa, majina yanatazama ukuta. Na kila Jumanne Nagisa humwachia nusu ya mwisho ya darasa, awafundishe wazee wenzake kukagua kona nne na katikati, na swali la kuuliza kabla ya kugusa kitufe: kuna kitu cha nani humu?

Hata makala haya hayakupatikana kirahisi. Fusae alikataa kusema lolote hadi Orie aombwe ruhusa kupitia ofisi ile. Jibu lilichukua miezi miwili: aseme, lakini rangi ya mfuko isitajwe. Haikutajwa. Picha nayo hakuna, kama msomaji alivyoona.

Shauri la talaka la Orie liko mahakamani. Ametuma salamu kwamba likiisha, na mwanamume yule akizuiwa kumkaribia, angependa kuoga tena kwenye maji ya moto ya mama Fusae, walau mara moja. Hilo ndilo Fusae analolingoja. Anasema hatazima boila kabla ya siku hiyo, mafuta yapande yatakavyo.

Beseni lipo palepale, safu ya pili, jeupe ubavuni pale wino ulipokuwa. Analiosha pamoja na mengine. Wateja wapya huuliza ni la nani, naye huwajibu kwamba lina mwenyewe.

Ninamwuliza kama siku hiyo ikifika ataliandika jina tena. Anachukua pazia la mlangoni, maana saa ya kufungua imefika, na kulikunjua polepole mikononi.

"Nitamwuliza kwanza," anasema.