Tangi la Darini na Chumba cha Mama Mkwe

Nyumba yetu ya Berchem-Sainte-Agathe ilikuwa ya mke wangu kwa mkopo wa benki, na yangu kwa kukaa. Yeye alikuwa anatunza wazee kwenye makao yao kule Uccle. Mimi nilifagia ofisi alfajiri, kisha nikarudi kwenye kochi kabla wenye ofisi hawajamaliza kupiga mswaki. Ramani ya Brussels ninayoifahamu vizuri mpaka leo ni ile ya kutoka kochini hadi jikoni.

Lakini nilikuwa na cheo. Nilikuwa mtu wa maji.

Nyumba yenyewe ilikuwa nyembamba, ndefu kwenda juu, kama nyingi za mji ule. Chini ya ardhi kulikuwa na boila la gesi. Kila chumba kilikuwa na rejeta ukutani ya kutia joto, na kwa kuwa kwetu rejeta ni kitu cha gari, mwanzoni niliamini nyumba ile ilijengwa na fundi wa malori. Juu kabisa, kwenye chumba cha darini, kulikuwa na tangi dogo la bati lenye kifuniko cha mbao. Maji ya rejeta yakipata moto yanavimba na kupanda humo, yakipoa yanashuka. Na kwa kuwa tangi liko wazi, yanapungua kidogo kidogo kwa mvuke. Boya la kulijaza lilishakufa kabla hatujahamia, kwa hiyo kazi ya kuongeza maji ilikuwa yangu. Nilipanda na ndoo, nikamimina, nikasikiliza mabomba yakigugumia, nikashuka nimechoka kama mtu aliyelima. Mke wangu akirudi jioni na kuuliza, "Umefanya nini leo?" nilikuwa na jibu: "Nimeweka maji."

Ndipo mke wangu akapata mimba, na watu wa kwetu waliokuwa mjini wakaacha kuniita kwa jina. Nikawa Baba Kijacho. Na Kijacho alikuwa anakuja na bibi yake: mama mkwe angepanda ndege kutoka Tanga kuja kumlea mzazi siku zake arobaini.

"Mama atalala darini," mke wangu akasema. "Hakuna kwingine."

"Na tangi?"

Akanitazama. Akatazama dari. Tukaelewana.

Huko milimani kwetu, mwanamume haingii chumba anacholala mama mkwe. Haoni kitanda chake, haoni kanga yake iliyotundikwa, hapishani naye kwenye njia nyembamba wakagusana mabega. Mama mkwe wangu alikuwa mkali wa mambo hayo kuliko wazee wote wa ukoo wangu. Kosa moja tu, angefunga sanduku na kurudi Tanga, na mke wangu angebaki na mlezi mmoja tu wa uzazi, yaani mimi, ambaye uji wangu ulikuwa ukiliwa kwa uma.

"Basi yeye mwenyewe awe anajaza," nikapendekeza.

"Mama yangu atoke Tanga, apande ndege, aje Ulaya kubeba ndoo?"

"Wewe je?"

Alishika tumbo lake kwa mikono miwili. Nikampigia simu fundi.

Fundi alikuwa Mkongo wa Bukavu, mnene, mwenye sauti ya mhubiri na suruali iliyopigwa pasi, ambaye kila kazi aliianza kwa kuwatukana mafundi waliomtangulia. Alipanda darini akihema, akafunua kifuniko cha mbao, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Papa! Hii njo ya wakati ya Wabelgiji ya zamani! Muntu anaacha mayi yake wazi hivi, kama sufuria? Bon. Hii tunatosha, tunaondoa. Tunafunga circuit yote. Mayi inabaki ndani, haitoke, haingie, hakuna muntu wa kupanda tena huku na ndoo."

"Hakuna kabisa?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayesikia kazi yake imefutwa.

"Donc, papa utapumuzika!"

Mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kwamba mimi nimepumzika tangu ndoa.

Fundi alimwaga maji yote, akalikata tangi, akaziba mabomba yake. Lilishushwa ngazini kama maiti, mimi nikishika upande wa miguu. Mahali pake, kule chini karibu na boila, alifunga puto la chuma jekundu, ukubwa wa tikiti maji. Ndani yake mna mpira na hewa, na maji yakivimba yanausukuma mpira badala ya kupanda darini. Akafunga na valvu ya usalama, geji ya presha yenye mshale, na koki ndogo ya kujazia. Akanipa somo.

"Papa, angalia mushale. Unafungula robinet, hii koki, mushale unapanda. Un et demi, moja na nusu, unafunga. Deux, mbili, ni mingi. Trois, tatu, unaniita, mais nitakuwa nimekasirika. Unasikia? Unafunga kabisa."

"Nimesikia."

Na nilisikia kweli. Tatizo ni kwamba nimekulia mahali ambapo koki haifungwi. Maji kwetu yanatoka yakijisikia, kwa hiyo mtu mwenye akili anaiacha koki ya tangi wazi, ili yakitokea saa yoyote yajaze yenyewe. Anayefunga koki ni mgeni au mpumbavu. Fundi alipoondoka nilishuka kuitazama ile koki, nikaona huruma. Mshale ukishuka mkwe yupo juu na mtoto yupo kifuani, nani atakumbuka? Nikailegeza kidogo. Kidogo tu, hata haisikiki. Nikapanda kwenye kochi nikiwa nimetulia, nimewazidi Wabelgiji maarifa.

Mkwe akafika, Kijacho akafuata, na nyumba ikanukia karafuu na uji wa pilipili manga. Rejeta zilikuwa za moto mpaka mkwe akakaa na kanga moja. "Shikamoo mama," nilikuwa nikisema nikitazama kapeti. "Marahaba baba, umeamkaje," naye akajibu akitazama dirisha. Tuliishi vizuri sana, bila kuonana.

Asubuhi moja mke wangu alikwenda na mtoto kwa daktari. Mimi nilikuwa kochini. Kutoka juu ikaja sauti:

"Mkwe! Huku kwenu mvua inanyesha hadi ndani?"

Nilipanda mbio mpaka ngazi ya mwisho, nikasimama mgongo ukiwa mlangoni.

"Mama, inatoka wapi?"

"Kwenye hili lichuma la ukutani. Linatema."

"Kuna kitufe pembeni, chini. Zungusha kuelekea kulia."

"Kulia kwangu au kulia kwake?"

"Kwako, mama."

"Kimegoma. Ingia wewe."

"Siwezi kuingia, mama."

Maji yalisikika yakichuruzika.

"Kweli," akasema, na nadhani sauti ilikuwa ya kuridhika. "Umelelewa. Basi mimi natoka."

"Haya mama."

"Ngoja kwanza nitandike."

Naye akatandika. Nilimsikia akikung'uta shuka, akipiga mto, akikunja kanga, huku maji yakipita chini ya mlango na kunilowesha soksi. Alipomaliza tukakumbuka ngazi. Ngazi ya darini ilikuwa ya kuzunguka, upana wa mtu mmoja asiyekula sana. Hatukuweza kupishana. Ikabidi nishuke yote, nipite ukumbini, nikajifungie jikoni. Ndipo akashuka taratibu akitangaza safari kwa kukohoa kila ghorofa, akaingia sebuleni, akafunga mlango. Ndipo nikatoka nikapanda. Sakafu ilikuwa bwawa. Kitanda kilikuwa kimenyooka kama cha hoteli. Nilikizunguka nikiwa nimefumba jicho la upande ule, nikakigeuza kitufe kwa koleo, kisha nikampigia fundi.

"Papa, kwanza shuka chini. Mushale unasema ngapi?"

Nilishuka chini ya ardhi na simu sikioni. Valvu ya usalama nayo ilikuwa inatema maji sakafuni.

"Tatu."

"Trois! Papa, robinet ulifunga?"

"Nilifunga. Karibu."

"Karibu njo nini? Robinet iko mwanamuke ya mimba? Inafungwa ao haifungwi!"

Alikuja mchana ule ule, na kama alivyoahidi, alikuwa amekasirika, mpaka aliposikia habari ya kitanda kutandikwa. Hapo alikaa chini kwenye ngazi akafuta machozi. Alipunguza presha, akaifunga koki mwenyewe, akatukazia macho mimi na koki kwa zamu. Rejeta ya darini ilikuwa imeachia kwenye kiungo, kuukuu, haitengenezeki. Aliiziba. Nyingine ya kipimo cha pale ukutani, alisema, ingebidi iagizwe, na kipindi kile cha baridi kila mtu alikuwa anaagiza.

Mke wangu aliporudi alitusikiliza wote, mmoja mmoja, kwa kuwa mimi na mama yake hatukuweza kueleza tukiwa chumba kimoja.

"Chumba hakina moto," akasema. "Mama hawezi kulala huko."

"Nitaomba kurudi," mkwe akasema kutoka upande wa pili wa mlango. "Sitaki kusumbua."

Nikakumbuka uji wangu mwenyewe. "Mama abaki," nikasema haraka. "Alale chini na mzazi na mtoto. Kochini mama atanikuta nimelala, basi mimi nitapanda darini."

"Baba ana adabu," mlango ukajibu, na sanduku halikufungwa.

Usiku ule ule nilihamia juu na mablanketi mawili, koti na kofia ya sufu. Kutoka chini, kupitia ile ngazi ya kuzunguka, nilimsikia mkwe akimwambia binti yake kwamba wazungu wana akili, nyumba nzima joto safi, hata mtu hajui kama nje kuna baridi. Nikavaa mikononi soksi zilizobaki, nikalala.