Yai la Pili la Doña Saturnina

"Huko kwenu ni mbali kuliko mbinguni, Primitiva. Mama alifika kwa Mungu kabla mimi sijapata basi."

Hivyo ndivyo Doña Saturnina alivyomjibu mdogo wake kwenye simu, kila Jumapili tangu Februari. Mama yao alifia kwa Primitiva, Rurrenabaque, kule chini kwenye joto, akiwa ameliita jina la Saturnina siku mbili. Saturnina alikwenda stendi, akaambiwa mvua imekula barabara, akarudi nyumbani kulia. Mdogo wake hakumsamehe. Mimi nilimtetea Saturnina sana. Nilimsimamia mwanawe ubatizo, ndiyo maana tunaitana compadre na comadre, na safari ile ya basi naijua: mchana kutwa na usiku kucha, na mvua ikinyesha ni siku mbili.

Sasa nikwambie nyumba yake ilipo. Iko El Alto, huku juu kwenye baridi, nyuma ya ukuta wa uwanja wa ndege. Ndege zinapita juu ya bati lake mpaka vikombe vinacheza kabatini, naye huzitukana zote. Kwake yeye ndege ni za watu wanaokwenda Hispania kulea vikongwe. Kwamba mojawapo inakwenda kwa Primitiva, hakuwahi kuuliza. Wala mimi.

Sikukuu ya Watakatifu Wote ilipokaribia, mwanawe Wilfredo akatukatia tiketi za ndege za kwenda kwa Primitiva. Roho za wafu hufika saa sita mchana, na meza ya marehemu wa mwaka huu lazima iwe imeshaandaliwa. Saturnina akafunga chakula cha safari anayoijua: kuku mzima, viazi vikavu, mayai kumi, na blanketi mbili juu. Mkate wa meza ya marehemu, uliofinyangwa uso wa mama yake, akaupakata kama mtoto mchanga. Uwanjani wakaguzi wakamnyang'anya chupa ya pombe ya kumwagia ardhi. Akaniambia chombo kinachoondoka kabla ardhi haijanyweshwa pombe hakifiki.

Tuliruka saa tatu na nusu. Milima ya theluji ikapita dirishani, akajikabidhi kwa Bikira macho yamefumbwa. Alipoyafumbua akamenya yai, akala taratibu, akachukua la pili. Ndege ikainama.

"Compadre, imeharibika," akaninong'oneza. "Inarudi."

"Tumefika, comadre."

Akanitazama kama niliyemtukania ukoo. Mlango ukafunguliwa, joto likatupiga usoni, na ng'ambo ya wavu amesimama Primitiva, anajipepea na kofia. Yai bado liko mkononi mwa dada yake, limemenywa nusu.

Wakakumbatiana kwa mkono mmoja mmoja. Kisha Primitiva akauliza, wala hakupaza sauti:

"Mmeondoka saa ngapi, dada?"

"Tatu na nusu."

Primitiva akatazama simu yake. Saa nne na dakika kumi na mbili. Akamwonyesha dada yake kioo cha simu, akakiacha pale mbele ya macho yake muda mrefu.

"Mama alikuita siku mbili," akasema. "Nawe unalala chini ya hizi ndege. Ulishindwa hata kuuliza?"

Mimi mdomo wote huu, niliyemtetea miezi yote, nikageuka kuitazama ile ndege. Saturnina akaniwekea lile yai kiganjani, akaufunika uso wa mkate kwa shali, akashika njia ya vumbi ya kuelekea mjini peke yake, na sketi zake za sufu kwenye jua lile. Furushi la chakula cha siku mbili akaniachia miguuni.